Maji ya Tatu

Jumamosi nilikuwa Feri kabla ya saa moja asubuhi, Bi Mkubwa kanituma changu. Kijana wa barafu akapita na ndoo, akaimwaga yote juu ya boksi la jodari, kwaaach! "Mama, sogea, utalowa." Sikusogea, na viatu vikalowa kweli. Sauti ile mimi sijaizoea kwa samaki.

Niliizoea maabara. Ilikuwa Januari 2019, Uholanzi, mwaka ule baiskeli yangu iliibiwa mara mbili. Ndoo yangu ya barafu ilikuwa ya rangi ya chungwa, imekwanguka ukingoni, na ndani yake imesimama tyubu moja ndogo yenye chembe nyeupe za damu ya mtu. Mwenyewe alikwisha anza dawa wiki iliyotangulia, kwa hiyo damu yake ya kabla ya dawa ilikuwa hiyo hiyo, hakuna nyingine.

Miaka miwili nilikuwa nasoma RNA tu, zile nakala za maagizo ya jeni, seli moja moja, na kila mara CD4 inanitoa jasho. Seli T saidizi, chembe nyeupe zinazoongoza kinga ya mwili, huivaa protini hiyo nje kama sare ya shule, lakini RNA yake ndani ni kidogo mno, mashine inapita bila kuiokota na kuandika sifuri. Unabaki na picha imejaa madoa ya kijivu mahali unapojua kabisa CD4 ipo. Kisha tukaanza kutumia CITE-seq, njia iliyotoka New York Genome Center mwaka 2017. Kila kingamwili, ambayo hushika protini yake moja tu juu ya seli, inafungiwa kipande kifupi cha DNA, kama lebo ya mzigo, na lebo hiyo inaishia na mkia wa A nyingi unaofanana na mkia wa RNA. Seli ikishaingia kwenye tone lake ndani ya mafuta, ndoano zile zile za kunasa mkia zinavua RNA na lebo pamoja. Niliposoma mara ya kwanza nilicheka peke yangu, kwa jinsi ujanja wenyewe ulivyo mdogo.

Kazi iko kwenye kuosha. Kingamwili ambazo hazikushika seli lazima ziondoke, la sivyo zinaelea na kuingia kila tone, hata lile tupu, na kila seli inaonekana imevaa sare za shule zote. Unaweka maji ya kuoshea, unazungusha kwenye sentrifuji dakika tano, seli zinatuama chini, unanyonya maji ya juu kwa pipeti. Mara tatu.

Mara ya kwanza mashapo niliyaona vizuri, doa jeupe kama maziwa yaliyokaukia kwenye kijiko. Mara ya pili niliyaona, au nilijiambia nimeyaona. Mara ya tatu nikainua tyubu kwenye taa, hakuna kitu. Nikaigeuza. Ncha ya plastiki ilikuwa safi, inang'aa, ina mkwaruzo mmoja ambao kwa sekunde kadhaa niliuita seli zangu. Nikafuta miwani kwa mkono wa koti. Nikainua tena. Glavu zilikuwa zimelowa kwa ndani na kidole gumba kimekufa ganzi kwa baridi, na bado nilikuwa nageuza ile tyubu taratibu, kama mtu anayetafuta kibiriti gizani chumbani kwa mtu mwingine, asitake kumwamsha.

Fundi wa maabara, mama mmoja aliyekuwa amebakiza miezi michache astaafu, alikuja bila kuitwa. Aliangalia uso wangu, wala hakuangalia tyubu.

"Maji umeyamwaga?"

"Hapana."

"Yote unayo?"

Nilikuwa nayo, tyubu tatu zimeandikwa 1, 2, 3. Si kwamba mwongozo ulinitia adabu. Nimelelewa na Bibi Pangani, na kwake chicha haikwenda kwa kuku mpaka ikamuliwe mara ya tatu na yeye aonje tui kwa kidole. Kumwaga kitu ambacho mkubwa hajakikagua sijui hata kunafanyikaje.

"Basi keti," akasema, akachukua namba 2 na kuirudisha kwenye sentrifuji. Seli zilikuwa humo. Pipeti yangu ilizama mno, ikazinyonya pamoja na maji.

Zilitakiwa kuoshwa tena. Lakini zilikuwa zimekaa kwenye barafu kwa saa tatu, na RNA haina subira, na mkono wangu ulikuwa bado unaikumbuka ile ncha tupu. Nilimpigia msimamizi wangu. Akasema uamuzi ni wangu, maneno ambayo wakubwa huyasema wakiwa mbali. Nikabadilisha maji mara hiyo moja, nikazihesabu kwenye darubini, nikazipakia. Sikuosha tena.

Wiki kadhaa baadaye picha zikatoka, na CD4 ya protini ikawaka juu ya seli T zote zile zilizokuwa za kijivu. Nilipiga kelele ofisini. Halafu nikaona monosaiti, aina nyingine ya chembe nyeupe, nazo zimewaka, kwa mbali. Sasa, monosaiti za binadamu kweli hubeba CD4 kidogo, vitabu vinasema hivyo. Na maji machafu nayo yangetoa mwanga huo huo. Zile kingamwili za kupimia uchafu, ambazo hazipaswi kushika seli yoyote, nazo zilikuwa zimepanda. Wale wa New York walichanganya seli chache za panya, ambazo kingamwili zile hazikupaswa kuzishika, ili wajue uchafu unaishia wapi. Sisi tuliziacha kwa ubahili.

Kikaoni mtu mmoja aliuliza, "Hiyo ni seli au ni maji?"

"Ni seli," nikajibu, kwa ile sauti yangu mnayoijua. Hakuna aliyebisha, maana vitabu vilikuwa upande wangu. Mpaka leo sijui kama niliiona au nilikuwa nimeisoma tu.

Niliporudi kutoka Feri niliwapara wale changu, nikawatumbua, nikawaweka kwenye sufuria. Bi Mkubwa akauliza kutoka sebuleni nimewaosha mara ngapi.

"Tatu," nikasema.

Akaja kuchungulia maji.