Ubao ukajaa maswali

Mwanangu karudi shule amekasirika, rafiki yake kaibiwa begi halafu kitu cha kwanza alichoulizwa ni kwa nini aliliacha mbali. "Kwani yeye ndo kaiba?" Nikaikumbuka lekcha moja ya somo la uhalifu, enzi nasoma.

Kabla yake tulishasomeshwa Hans von Hentig, yule mtaalamu wa uhalifu aliyesema mwaka 1948 kwamba mwathirika naye huwa na mchango wake kwenye uhalifu, na jamani tuliipenda, kila kesi tunatafuta "mchango", yaani tulitoka darasani na lugha ya kisomi ya kumlaumu mtu aliyeumizwa. Hili watu hawalisemi, kwamba shule inaweza kuongeza lawama pia.

Sasa siku hiyo mwalimu akatusomea kisa kifupi tu: binti katoka maktaba usiku, kakabwa, kapigwa, kanyang'anywa simu. Ulizeni mnachotaka. Mikono juu! Alikuwa peke yake? Simu aliishika mkononi? Kwa nini hakuwasubiri wenzake? Alipiga kelele? Mwalimu hajibu, anaandika tu, ubao umejaa mpaka chini anaandika ameinama, kisha akampa chaki nyekundu kijana wa mbele. "Haya, zungushia yanayomhusu aliyekaba." Kijana anasoma juu mpaka chini, anarudi juu, anatafuta, mkono uko hewani. Hakuzungushia hata moja. Ndipo dada mmoja wa nyuma, huwa haongei kabisa, akasema, "Mimi polisi waliniuliza hilo la tatu."

Baadaye tukasoma jaribio la wanasaikolojia Lerner na Simmons, 1966. Wanafunzi wa kike walimtazama mwenzao akipigwa shoti za umeme, kumbe ni maigizo. Walioweza kumwokoa hawakumshusha thamani, walioambiwa mateso yataendelea ndo wakamshusha. Tunataka kuamini dunia ina haki, kwa hiyo tukishindwa kumsaidia mtu tunamtafutia kosa.

Muhula huohuo ikaja semina ya usalama, usitembee usiku peke yako, usishike simu njiani, ushauri mzuri tu, lakini nikawasikia watu wa darasa lilelile, "yule binti angeyajua haya..." Mpaka leo nabishana na walimu wenzangu, utamfundishaje mtoto kujikinga bila kumfundisha kuwahukumu walioumizwa? Mimi nasema tuanze na aliyekaba, kila mara, hata kwenye hizo semina, ila kama inatosha bado sina uhakika.