Nlienda kukaa kimya Jambiani, kimya kikanishinda

Haya, niliahidi ntahadithia. Wale mlioniona kwenye status nimekaa chini ya mnazi macho nimefumba mkanicheka, subirini mtacheka zaidi.

Mtoto wa mama mdogo anafanya kazi hoteli moja huko Jambiani, pwani ya Unguja (jina la hoteli siweki, sitaki maneno), na kila baada ya muda wanakuja wageni wa yoga, wanaamka alfajiri wanakaa kimya, wanajinyoosha ufukweni, usiku wanafanya mambo yao ya moto. Safari hii mgeni mmoja kaghairi na nafasi ishalipiwa, dada akanipigia, njoo wewe, si kila siku unalia na mgongo? Na kweli nalia nao, manake kazi yangu ni ya kitini toka saa mbili mpaka saa tisa na kile kiti Mungu ndo anakijua. Bei ya ile nafasi nlipoulizia nikanyamaza kabisa, mshahara wangu wa miezi miwili na chenji hamna. Ijumaa baada ya sala nikapanda daladala ya 309 na begi langu moja.

Mama kabla sijatoka kaniuliza jambo moja tu, "Na hio si ibada ya Kihindu?" Si swali la kijinga, kule Malaysia mwaka 2008 baraza lao la fatwa liliwakataza Waislamu yoga, afu waziri mkuu wao akaja akasema mazoezi ya mwili hayana tabu ilimradi hamna zile nyimbo. Mie nkaamua hivo hivo, mgongo ntanyoosha, nyimbo za Kisanskriti siimbi, na ule mfululizo wanaouita salamu kwa jua, viungo vitafanya ila salamu haitoki. Nlimwambia mwalimu, mama wa Kijerumani, akasema fanya unachoweza, basi.

Nlichokuwa sijakifikiria ni ushungi. Ule mkao wa mbwa, mikono chini miguu chini kiuno juu, ushungi wote unakuja usoni, huoni mtu huoni bahari, nkakaa mule ndani nasikia tu "vuta pumzi, toa pumzi" na mchanga unaniingia puani. Siku ya pili nkaufunga kilemba kama nakwenda kupika pilau la harusi. Mwisho wa zoezi mnalala chali mmenyooka, jina lake savasana, maana yake mkao wa maiti, wallahi hilo ndo jina. Mie nimelala vile naambiwa nisifikirie kitu, nafikiria sanda. Na kunguru juu ya mnazi hawanyamazi, mgeni mmoja akalalamika wanaharibu utulivu, nkataka kumwambia hao nao wametoka India kama hio yoga yenyewe, wako Unguja toka miaka ya 1890 na hakuna aliyeweza kuwatoa.

Usiku ndo sherehe. Tumekaa duara, moto katikati, bakuli la shaba linapigwa linalia muda mrefuuu, afu kila mtu akapewa kikombe cha kakao isiyo na sukari, kama walivyokuwa wakinywa Wamaya zamani. Ukiwahi kunywa kahawa ya baraza bila kashata, ndo hio, ila nzito zaidi. Baadae unaandika kwenye karatasi kitu unachotaka kukiacha, unakitia motoni. Wenzangu wengine walilia kweli, na siwacheki, sijui wametoka na nini huko kwao. Ila nilipouangalia ule moto nkakumbuka Makunduchi, hapo mbele tu, Mwaka Kogwa kila Julai banda la makuti linatiwa moto na wanaume wanapigana kwa magomba mpaka vinyongo vya mwaka mzima viwatoke. Kule karatasi hamna, unamtandika mwenyewe uliyegombana nae. Sitasema nliandika nini.

Sasa kimya. Toka ule moto ulipozimwa mpaka kesho yake mchana hakuna kusema, simu zimekusanywa kwenye kapu. Nkaamka, nkasali, nkaenda kukaa ufukweni na wenzangu, na hapo sidanganyi, palikuwa patamu. Maji yamekupwa mpaka huko, unasikia mwamba unanguruma kwa mbali, ngalawa zimelala ubavu, kichwa changu kwa mara ya kwanza toka sijui lini hakina foleni ya mambo.

Mara nasikia vishindo vya miguu kwenye maji. Wanawake wa mwani hao wanashuka, viroba kichwani, kamba begani. Mmoja kwa sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto:

"Asalaam alaykum!"

Watu kumi na mbili, kimya. Salamu imening'inia hewani. Nkajibu moyoni, nkasema Mungu atapokea. Nyayo zikasimama.

"We! Si mtoto wa kaka huyu?"

Nkafumbua jicho moja. Shangazi yangu, kigauni chake cha baharini na ndoo mkononi. Mwalimu ananipa kidole mdomoni, shangazi ananitazama.

"Umepandwa?"

Basi kimya kikaishia pale. "Waalaykum salaam, shikamoo shangazi, sijapandwa." "Marahaba. Na baba yako anajua?" Nkainuka, manake ningekaaje, nkamfata baharini.

Yeye analima mwani toka siku za mwanzo, ulipoingia hapo Jambiani na Paje mwaka 1989. Kazi yenyewe umeinama, maji ya magotini, unafunga vishina kwa taitai (vijikamba vidogo) kimoja kimoja kwenye kamba, kamba ikijaa unaifunga kwenye mambo, vile vijiti vilochomekwa mchangani, huku na huku, unaanza nyingine. Zamani walikuwa na ule mwani mnene wenye bei, maji yakawa moto ukawa unawafia, sasa ni ule mwembamba wa bei ya kuombea. Mie nlimaliza kamba mbili nkasimama nimeshika kiuno kama bibi. Yeye kumi na kitu, na anaposimama anasimama kwa mafungu, kwanza mkono gotini, afu pumzi, afu ndo mgongo.

Jioni kwake, baada ya chai, nkamtandikia mkeka. Nkamuonesha lile la paka, magoti na mikono chini, mgongo unaupandisha ukivuta tumbo, afu unaushusha. Wajukuu wamejaa mlangoni wanakufa kwa kicheko. Akafanya mara tano, akasema hapa chini hapa, pameachia. Nkamuonesha na la mwisho, la kulala, akauliza laitwaje, nkakosea nkamwambia.

Juzi kapiga simu. La paka analifanya kila anaporudi baharini, na jirani zake wawili wanakuja. La maiti kasema nikae nalo mwenyewe.