Kidani kilichosokotwa kulia

Swahiba wangu amenipa kidani cha fedha chenye umbo la DNA, molekuli inayobeba taarifa za urithi. Kabla hata sijasema asante, nilikisogeza kwenye mwanga nione kimesokotwa upande gani. Akacheka. Alijua nitakikagua.

DNA ya mwilini kwa kawaida husokotwa kulia, kama hesi za parafujo: ukiisimamisha wima, uzi ulio mbele yako hupanda kutoka chini kushoto kwenda juu kulia. Hata ukiipindua kichwa chini, mwelekeo ni uleule. Lakini mchoraji akigeuza picha kama kwenye kioo, mambo yameharibika, na michoro ya namna hiyo ni mingi, mpaka kwenye majalada ya vitabu. Changu kiko sawa. Maana yake mwenzangu alikaa akachunguza, kwa ajili ya kitu ambacho wengine wote watakaokiona shingoni mwangu hawatakijali. Hilo limenigusa kuliko fedha yenyewe.

Nilipokuwa nakifunga nilimkumbuka mwanasayansi Rosalind Franklin. Ile Picha namba 51, iliyopigwa kwa eksirei mwaka 1952 katika utafiti wake, ilitoa ushahidi mkubwa wa msokoto huu. Alifariki mwaka 1958, na Tuzo ya Nobel ya 1962 kwa ugunduzi wa umbo la DNA ikaenda kwa wanaume watatu. Mapambo mengi ya DNA huuzwa bila jina lake kutajwa. (Nami ningependelea kidani cha picha ile: madoa meusi yaliyopangika kama herufi X. Basi, nisiwe mlafi.)

Sasa zamu yangu, maana siku yake ya kuzaliwa inakaribia. Kati ya vidani vya molekuli, kinachopendwa zaidi ni cha serotonini, kemikali ya mwilini, eti ndiyo furaha. Huyu ninayemjua atanitazama kwa jicho la pembeni, kisha anikumbushe kwamba takriban asilimia 90 ya serotonini ya mwili hutengenezwa tumboni, ambako kazi yake kubwa ni kuendesha matumbo. Zawadi ya kusukuma chakula! Hapana.

Nimeamua kumpa kidani cha kafeini, ile kemikali ya kwenye kahawa. Urafiki wetu ulikomaa kwenye mikesha ya mitihani, vikombe mezani, na hatukuwa na furaha hata kidogo. Tena umbo lake ni zuri: pete ya pembe sita iliyoungana na ya pembe tano, nitrojeni nne, na vikundi vitatu vya methili (kaboni moja na hidrojeni tatu kila kimoja) vinavyochomoza pembeni. Nayo ina ujanja wake. Haimwongezei mtu nguvu. Inakalia kiti cha adenosini, kemikali inayouletea ubongo usingizi, na adenosini ikifika inakuta pameshikwa.

Sonara nimempelekea mchoro wangu mwenyewe, kwa sababu sampuli aliyonionyesha ilikuwa na methili mbili tu. Hiyo ni theobromini, ya kwenye kakao. Amesema kikundi cha tatu kitakwaruza nguo. Nimemwambia aviringishe ncha, lakini asikiondoe.