Nimekata kucha za mkono wa kulia

Jumapili usiku niliketi chini ya taa nikakata kucha za mkono wa kulia, zote, kisha nikazipiga tupa mpaka ukitazama kiganja changu huzioni zikichungulia. Mpiga gitaa la klasiki ataelewa uzito wa jambo hili. Kucha za dole gumba, cha shahada, cha kati na cha pete tunazilea kama mboni ya jicho. Tunazilainisha kwa msasa kabla ya kupiga, hatufungulii nazo kopo, na ikivunjika moja siku mbili kabla ya onesho usingizi unaruka.

Nafundisha gitaa na luti chuo kikuu, na kila muhula napanda jukwaani na vyote viwili. Luti ni ala ya nyuzi, mtoto wa udi, ule unaopigwa kwenye taarabu. Watu wa Ulaya waliupokea kwa Waarabu pamoja na jina lake, al-ud, wakabaki na lile tumbo la mviringo, lakini baadaye wakaufungia freti shingoni, yaani vizingo vya kugawa noti, wakaacha unyoya wa kupigia, wakaja kwenye vidole vitupu. Hapo ndipo kucha zinapoleta ugomvi. Kwenye gitaa kila uzi uko peke yake, umekazwa barabara, na ukucha unaupa mng'ao unaofika kiti cha nyuma. Luti yangu ina jozi 8, nyuzi 15 kwa jumla, maana ule mwembamba wa kwanza hauna mwenzake. Ukucha ukiingia kwenye jozi unagonga uzi mmoja kabla ya wa pili, na hapo unasikia mkwaruzo. Nyama ya kidole inaziamsha zote mbili kwa pamoja.

Miaka mingi niliishi na kucha nusu. Mwaka jana nilipiga vyombo vyote viwili jioni moja, luti kwanza, gitaa baada ya mapumziko. Luti ilikwaruza. Gitaa likakosa mwili, na mahali pa tremolo, ambapo noti moja inatakiwa itiririke kama maji, mimi nilitoa matone. Mwanafunzi wangu wa mwaka wa pili alinisaidia kubeba vyombo. Tulipofika mlangoni akasema kwa adabu zote, "Mwalimu, samahani, ile luti ya darasani siyo niliyoisikia leo." Nilimshukuru, na maneno yale nimetembea nayo mpaka Jumapili hii.

Mwanafunzi huyo alikuja kwangu akitaka gitaa tu. Luti hakuwa nayo, na wengi hawana. Kwa hiyo naanza nao hivi: shusha uzi wa tatu wa gitaa nusu toni, kutoka sol hadi fa diyezi. Basi. Sasa nafasi kati ya nyuzi zako ni zilezile za luti ya Renesansi, na unaweza kusoma muziki wa John Dowland, mtunzi Mwingereza wa luti wa zama hizo, moja kwa moja kutoka tabulatura yake, yaani maandishi ya herufi yanayoonyesha mahali pa vidole, bila mtu kukutafsiria. Herufi a ni uzi mtupu, b ni freti ya kwanza, c ya pili. Inaonekana rahisi, na siku ya kwanza wote wanafurahi. Ugumu unakuja wiki ya pili, wanapogundua kwamba tabulatura inakuambia kidole kiguse wapi na lini, lakini haikuambii noti idumu kwa muda gani. Sauti tatu zinatembea pamoja ndani ya herufi zile, na ni kazi yako kuzitafuta, kuamua ipi iendelee kuimba wakati nyingine inaanza. Sijui zoezi jingine linalomfundisha mpiga gitaa kusikiliza kwa kiwango hicho.

Kisha nampa luti yangu. Namwambia aegemeze kidole cha mwisho juu ya ubao, taratibu, maana ubao ule ni mwembamba sana. "Sasa weka kidole juu ya nyuzi zote mbili. Usivute, mwanangu. Zisukume kuelekea ubaoni, kisha ziachie." Mara ya kwanza zilisikika mbili. Ya tano pia. Kwenye mara ya kumi hivi zilitoka kama uzi mmoja mnene, naye akanyanyua uso bila kusema kitu.

Mwenzangu mmoja kazini anaona nimefanya kosa: gitaa bila kucha, anasema, halitasikika ukumbini. Hoja yake ina nguvu. Lakini mabishano haya ni ya zamani. Fernando Sor, mpiga gitaa na mtunzi Mhispania, katika kitabu chake cha mafunzo ya gitaa cha mwaka 1830, alikataa kucha, akamsamehe rafiki yake Dionisio Aguado, mpiga gitaa mwenzake, peke yake. Walipiga pamoja, mmoja kwa nyama, mwingine kwa ukucha, na Sor akawatungia wote wawili muziki wa magitaa mawili. Francisco Tárrega, Mhispania mwingine aliyekuja baada yao, naye aliziacha kucha miaka yake ya mwisho. Kwa hiyo sauti ninayoitafuta gitaa limewahi kuwa nayo, na katika mikono mikubwa.

Siku tano sasa. Ncha za vidole zinauma, hasa cha pete, na ngozi bado laini mno. Leo asubuhi nimepiga zoezi moja la Sor polepole. Noti za juu zimepoteza makali, kweli, lakini besi zimekuwa za mviringo kuliko nilivyozizoea, na kila noti inaanza bila ule mgongano mdogo wa ukucha ambao sikuwahi kuusikia mpaka ulipoondoka. Mwanafunzi wangu aliingia katikati, akafunga mlango ili kelele za korido zisitufikie, akasogeza kiti chake karibu.

"Rudia, Mwalimu," akasema.

Onesho ni baada ya wiki tatu. Nimeomba viti visogezwe mbele.