Mchicha wangu wa kwanza wa mboji

Leo nimevuna mchicha uliokulia kwenye mboji yangu mwenyewe, yaani mbolea ya maganda na majani yaliyooza, hapa nyuma ya nyumba, Tabata, Dar es Salaam. Nina furaha jamani!

Nilianza mwezi wa tatu, gari la taka lilipokaa wiki 2 bila kupita mtaani kwetu. Viroba vimejaa, nzi, mvua inavinyeshea. Nikachambua: zaidi ya nusu ni maganda ya ndizi na viazi, mabua ya matembele, machicha ya nazi. Yaani tunalipa hela ili chakula cha udongo kikafukiwe dampo la Pugu Kinyamwezi, kioze bila hewa na kutoa gesi ya methani. Iliniuma.

Nikaanza kuyarundika nyuma ya nyumba yaoze yawe mboji. Rundo la kwanza lilinuka. Mama jirani anayelima mboga bonde la Msimbazi akaniambia, "Mwanangu, hizo mbichi tupu, hazipumui. Changanya na kavu." Tangu hapo kila ndoo 1 ya maganda naifunika kwa ndoo 2 za majani makavu ya mwembe, na maranda kidogo ya fundi seremala. Nageuza kila wiki. Ukifinya kiganjani, iwe na unyevu lakini isichuruzike. Katikati panakuwa moto kweli, mkono haukai! Nyama, samaki na mafuta siweki, vinaita panya.

Baada ya miezi 3 ikawa nyeusi, inanukia udongo uliopata mvua. Yule mama nimempelekea viroba 2, naye kanipa miche ya bilinganya.

Majirani wa Tabata, msichome majani makavu. Niambieni, nitayafuata mwenyewe.