Kongwa, vita ilipogeuzwa jembe

Coaster niliyoipanda Nanenane, Dodoma, ilinishusha Mbande. Pale nikachukua bodaboda kuingia Kongwa. Ilikuwa Oktoba, kabla ya mvua. Udongo mwekundu ulikuwa umekauka hadi ukiupiga kisigino unalia kama sakafu ya saruji.

Udongo huohuo ndio uliowashinda Waingereza. Mwaka 1947 walikuja kulima karanga, maana kwao mafuta ya kula yalikuwa haba baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Trekta hazikutosha, kwa hiyo kampuni ya Vickers wakachukua vifaru vya Sherman vilivyobaki vitani wakavigeuza trekta, zikaitwa Shervick. Kifaru kung'oa mbuyu! Nyuki wakatoka mibuyuni wakawashukia wafanyakazi, majembe yakalika kwa mchanga mkali, mvua ikawa ya kubahatisha. Mwaka 1951 mpango ukafungwa, kiasi cha pauni milioni 36 zimeteketea. Leo sehemu ya ardhi ile ni Ranchi ya Kongwa, na ng'ombe wanafaidi majani bila kelele.

Lakini mimi nilifuata jambo la baadaye. Stesheni ya reli iliyojengwa kwa ajili ya karanga ilibaki tupu, na mwaka 1964 eneo lake wakapewa wapigania uhuru: FRELIMO ya Msumbiji, ANC ya Afrika Kusini, SWAPO ya Namibia, na wengine wakafuata. Samora Machel, aliyekuja kuwa rais wa Msumbiji, aliwafundisha vijana wake hapa kabla risasi za kwanza hazijalia Msumbiji, Septemba 25 mwaka huohuo. Chris Hani, mpiganaji wa ANC, naye aliishi Kongwa. Stesheni ya mazao ikawa kambi ya vita. Hilo linanigusa kuliko habari yote ya karanga, na inaniuma kwamba vijana wengi wanaopita Mbande kila siku hawajawahi kusimuliwa.

Kijana wa bodaboda, nilipomweleza ninachotafuta, akanipeleka kwa bibi yake.

"Mbukwenyi, bibi," nikamsalimu kwa Kigogo.

"Mbukwa, mjukuu wangu. Karibu, kaa kivulini."

Alikuwa msichana wakati ule, akiwapelekea wapiganaji maziwa. Wengi walijifunza Kiswahili hapahapa, akasema, na wengine walioa, wakazaa. "Halafu unaamka asubuhi, mtu hayupo. Huulizi. Unajua ameenda kwao kupigana."

"Walirudi?"

"Mmoja mmoja. Wengine tuliwasikia redioni tu, nchi zao zimepata uhuru. Tulilia kwa furaha, mwanangu."

Akaingia jikoni, akatoka na kikombe cha bati cha askari, rangi ya kijani imebanduka, mkono umechomelewa upya kwa waya. Aliachiwa na mmoja wao. Akakichovya kwenye debe la unga wa uwele, akasawazisha juu kwa kidole, akamimina sufuriani. Kikombe cha kwanza, cha pili, cha tatu. Mlenda ulikuwa tayari jikoni.

"Vitatu vinatutosha," akasema. "Kanawe mikono."