Ugali nao una gramu zake

Juzi shule ya mwanangu mwenye kisukari, hapa Uingereza, imenirudishia chakula. Hakikuchacha wala hakikumwagika. Kontena limerudi na chapati zake mbili na maharage yake vilevile nilivyovifunga alfajiri, na juu wamebandika karatasi: tunaomba mtoto aletewe chakula chenye lebo, kwa kuwa hatuwezi kumpa insulini kwa chakula ambacho wanga wake haujulikani. Mchana huo wakampa sandwichi ya dukani. Pakiti yake ina namba, kwa hiyo inaaminika.

Wanga wa chakula changu ulijulikana. Nilikuwa nimeuandika kwenye kikaratasi nikakibandika ndani ya kifuniko: chapati mbili gramu 60, maharage gramu 15, jumla 75. Nimepima kwa mizani, sikukisia kwa macho. Nilipopiga simu nikajibiwa kwa upole wote kwamba mwandiko wa mzazi hauwezi kuthibitishwa. Nikauliza, je, ningeleta makaroni niliyopika nyumbani? Ah, hayo hayana shida, picha yake wanayo kwenye kijitabu cha kuhesabia wanga. Hicho kijitabu ninacho na mimi. Kina viazi vya kuponda, kina chipsi na samaki, kina hadi Yorkshire pudding kwa saizi tofauti. Chapati yangu haimo. Ugali haumo. Kwa hiyo chakula kilichonikuza mimi, kikamkuza na mama yangu, hapa kinaitwa chakula kisichojulikana.

Niliumia, na nimeamua kuandika kwa urefu, maana najua wabeba boksi wenzangu wengi tunaohangaikia riziki ughaibuni, wenye kisukari wenyewe au wenye watoto wenye kisukari, wameambiwa neno hilihili wakanyamaza. Wengine wameacha kabisa chakula cha kwao, wanaishi kwa mkate wa pakiti kwa sababu tu mkate una maandishi.

Hebu tuangalie hiyo lebo inayoabudiwa. Mwongozo wa lebo wa huku unaruhusu namba ya wanga kutofautiana na ukweli kwa hadi asilimia 20, kwa chakula chenye wanga wa kati ya gramu 10 na 40 katika kila gramu 100. Sandwichi iliyoandikwa gramu 40 inaweza kuwa na 32, inaweza kuwa na 48, na hakuna aliyevunja utaratibu. Kiwanda nacho kinapiga hesabu kutoka kwenye vipimo vya unga wake, kama ninavyopiga mimi jikoni. Tofauti yetu ni mashine ya kuchapa.

Kwa wasomaji wa nyumbani ambao hawajakutana na jambo hili, nieleze kidogo. Mwanangu ana kisukari aina ya kwanza. Kongosho lake halitoi insulini, basi kila anapokula chakula chenye wanga lazima aipate kwa sindano au pampu, na kiasi chake kinafuata gramu za wanga alizokula. Yeye mchana anahitaji uniti 1 kwa kila gramu 15. Gramu 75 ni uniti 5. Asubuhi mwili wake ni mgumu zaidi kuitikia insulini, uniti 1 inabeba gramu 10 tu. Kila mtu ana uwiano wake aliopangiwa na kliniki, na wa mwanangu haukufai wewe wala mtoto wako. Ukizidisha insulini, sukari inashuka na mtoto anaweza kuzimia. Ukipunguza, inapanda, na siku zikienda inaharibu macho, figo na mishipa. Ndiyo maana tunahesabu.

Mama yangu kule Tanga bado hajakubaliana na hili. Kila nikimpigia, baada ya shikamoo na marahaba, anaanza. "Mwanangu, mnyime wali na sukari huyo mjukuu wangu, mpe dona, dona halina sukari. Na majani ya mwarobaini nitakutumia kwa mtu." Namjibu, mama, mtoto wa aina ya kwanza akiachishwa insulini ni siku chache tu tunampoteza, na hakuna jani duniani litakaloziba hilo pengo. Kuhusu dona, lina nyuzinyuzi zaidi na ni jema, lakini wanga wake unakaribiana sana na wa sembe. Wapo watu wazima nyumbani wanaokula mlima wa dona kwa imani hiyo, halafu wanashangaa kipimo cha sukari kimepanda hadi 17.

Sasa hesabu zenyewe. Nunua mizani ya jikoni ya kidijitali, ile bapa inayosoma gramu moja moja. Bei yake huku si ya kutisha. Pakiti ya unga wako, hata ule wa duka la Waafrika uliotoka nyumbani, ina jedwali nyuma. Soma mstari wa wanga kwa gramu 100. Unga wa sembe wangu ni 75. Nikipika unga gramu 300, wanga wa sufuria nzima ni 225, nikitia maji mengi au machache. Maji hayana wanga, yanaongeza uzito tu. Kwa hiyo kabla ya kubandika, napima sufuria tupu na mwiko wake, naandika. Ugali ukiiva napima tena na mwiko ndani, natoa uzito wa vyombo. Ukitoka gramu 900, nagawanya 225 kwa 900, napata robo: kila gramu 100 za ugali zina wanga gramu 25. Kipande cha mwanangu cha gramu 180 kina 45. Uniti 3, anaanza kula.

Hapo ndipo ninapogombana na namba za mtandaoni. Utakuta mmoja kaandika ugali una gramu fulani kwa kikombe, mwingine kaandika nyingine kabisa, na wote wanaweza kuwa sahihi kwa sababu huyu kasonga mgumu wa kukata kwa kisu na yule kasonga laini. Ugali wa jirani si wako. Pima wako mara chache kwa mkono uleule na sufuria ileile, baada ya hapo utaona namba yako imetulia.

Chapati ni rahisi kuliko ugali, ila zinataka uzipime zikiwa bado madonge. Unga wa ngano gramu 500 wenye wanga 72 kwa mia unakupa 360. Nakata madonge 12, na kila donge nalipima liwe sawa na mwenzake. Kwa maji na mafuta ninayotia mimi linakuja gramu 70. Kila chapati basi ni gramu 30. Ikishaiva itapungua uzito kwa sababu maji yametoka na mvuke, lakini wanga haujaenda popote, umebaki 30. Anayepima chapati iliyokwisha kuiva na kutumia namba ya donge bichi atapata kidogo kuliko ukweli. Na kwa chapati kuna jambo la mafuta: yanachelewesha chakula tumboni, sukari inapanda taratibu, saa mbili tatu baadaye, wakati insulini ya haraka imeshafanya kazi yake. Muulize nesi wako wa kisukari namna ya kuigawa dozi kwa mlo wa hivyo. Usijibunie.

Wali mweupe ulioiva ni kama gramu 28 hadi 30 kwa mia. Tui la nazi haliongezi wanga wa kutisha, linaongeza mafuta. Muhogo mbichi uliomenywa uko kwenye 36 hadi 38, mzito kuliko watu wanavyodhani. Kiazi kitamu kiko karibu na 20, na ndicho mama yangu anachokiogopa kwa kuwa jina lake lina utamu. Maharage yaliyochemka, kama 15, nayo yanaingia pole pole. Maziwa glasi ya mililita 200 yana 10, kwa hiyo chai ya maziwa ya kwetu inahesabiwa hata kama hukutia sukari. Kijiko cha chai cha sukari kilichosawazishwa kina 4. Nyama, samaki, mayai, mchicha, bamia, hivyo kula, havitusumbui kwenye hesabu hii.

Kwenye pakiti soma mstari mkubwa wa wanga, usisome ule mdogo ulio chini yake unaosema sukari. Huo mdogo umo ndani ya huo mkubwa. Nimeona watu wakifurahia mkate wenye sukari gramu 3 huku wanga wake ni 45. Na walioko Marekani wajue lebo yao imejumlisha nyuzinyuzi ndani ya wanga. Ya huku Uingereza na Ulaya imeshazitoa. Dada yangu yuko Houston na tunapotumiana mahesabu lazima tutajane nchi. Hata kipimo cha sukari kinatofautiana, yeye akisema 180 (miligramu kwa desilita) mimi nasema 10 (milimoli kwa lita), ni sukari ileile, unagawanya kwa 18.

Jingine la kuangalia kwa macho yote ni soda ya kuokolea. Sukari ya mtoto ikishuka chini ya 4 anapewa sukari ya haraka, kwa gramu alizoandikiwa na timu yake, unapima tena baada ya dakika 15. Wengi tumezoea kwamba soda yoyote itamwinua. Huku, Aprili 2018, ilianza kodi ya vinywaji vyenye sukari kuanzia gramu 5 kwa mililita 100, na viwanda vingi vikashusha sukari chini ya hapo ili kuikwepa. Kinywaji ambacho zamani nusu glasi ilitosha, leo kinaweza kutaka glasi nzima na zaidi. Soma chupa kabla, mtoto akiwa mzima, usisubiri akiwa anatetemeka.

Nisiwe mnyimi wa fadhila. Nchi hii imempa mwanangu kihisio cha kubandika mkononi kinachosoma sukari mchana na usiku, nakiona kwenye simu nikiwa kazini zamu ya usiku. Insulini yake hatulipii, stripu za kupimia sukari wala sindano hatulipii. Wenye wagonjwa nyumbani mnaijua bei ya boksi la stripu, na mnajua linaisha baada ya muda gani. Wapo watoto wanaopata insulini bure Kenya, Uganda na Tanzania kupitia mpango wa Changing Diabetes in Children ulioanza 2009, na Mungu awabariki wanaouendesha, lakini familia nyingi bado zinapima mara moja kwa siku na kuomba.

Ila wewe unayefunga mizigo kuja, usiambiwe kwamba huku matibabu ni bure ukaishia hapo. Kabla ya viza unalipa ada ya afya, na tangu Februari 2024 ni pauni 1,035 kwa mwaka kwa mtu mzima na 776 kwa mtoto, na unazilipa za miaka yote ya viza kwa mpigo. Familia ya watu wanne, viza ya miaka mitatu, fanya hesabu mwenyewe kwa shilingi. Wafanyakazi wenye viza ya afya na ulezi hawailipi, lakini mlango wa walezi wanaoomba kutoka nje ulifungwa Julai 2025, na wakala anayekwambia bado upo wazi anataka pesa yako. Ukija na mgonjwa, insulini ibebe kwenye begi la mkononi, kule chini ya ndege inaweza kuganda ikaharibika. Chukua barua ya daktari yenye majina ya dawa, na dozi za kutosha mpaka usajiliwe kliniki.

Turudi shuleni. Sheria ya watoto na familia ya mwaka 2014, kifungu cha 100, inazitaka shule za serikali England kuwasaidia wanafunzi wenye maradhi, na kila mtoto kama wangu anakuwa na mpango wa afya ulioandikwa. Mzazi ana sauti kwenye mpango huo. Nikaomba kikao. Nikaenda na mizani, unga, na daftari langu lenye namba za mwaka mzima. Nesi wa kisukari wa hospitali akaja, mama mtu mzima wa hapahapa, hajawahi kuonja chapati maishani. Akafungua daftari, akalinganisha milo na mistari ya kihisio, siku za sandwichi na siku za chakula changu. Akamgeukia mwalimu mkuu akasema, mahesabu ya mama huyu yanamtunza mtoto vizuri kuliko pakiti zenu. Kisha akaniomba nakala ya ukurasa wa ugali awapelekee wazazi wengine kliniki. Sikutegemea. Nilimshika mkono nikashindwa kusema.

Sasa mpango wa afya umeandikwa upya: chakula cha nyumbani kinakubalika kikiwa na uzito na gramu zake zilizoandikwa na mzazi. Mwenye shule inayomsumbua aombe maneno hayohayo yaingizwe kwenye mpango wa mwanawe.

Kilichonishinda mpaka leo ni vitumbua. Mchele naloweka, nasaga, unavuta maji kila siku tofauti, na matundu ya kikaango changu hayalingani. Aliyewahi kuvipima anitumie vipimo vyake: mchele mkavu gramu ngapi, sukari gramu ngapi, na vilitoka vingapi.